Umepewa idara, hukupewa muda

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha fizikia na hisabati katika sekondari ya kata mkoani Singida. Mwaka juzi mkuu wa shule alinitaja kikaoni kuwa mkuu wa idara ya sayansi na hisabati, watu wakapiga makofi, ikaishia hapo. Nina vipindi 28 kwa wiki. Idara ina walimu watano wa ajira na wawili wa kujitolea. Mmoja wao amenizidi miaka kumi na tano, haingii darasani inavyotakiwa, na nikimkumbusha ananijibu, 'Wewe na mimi mshahara wetu unatoka dirisha moja.' Vipindi vyake naingia mimi kwa sababu nawaonea uchungu watoto. Matokeo yakishuka naitwa mimi. Nalala saa saba usiku, naamka saa kumi, kichwa kinauma kila siku, na wanangu mwenyewe sijui wamefikia wapi na madaftari yao. Niandike barua ya kuachia idara?"

Marahaba, Mwalimu. Barua hiyo usiiandike wiki hii. Huenda siku ikafika ya kuiandika, nami nitalirudia jambo hilo mbele, lakini mtu anayepata usingizi wa saa tatu tu kila usiku hapaswi kuamua jambo kubwa akiwa bado kwenye uchovu huohuo.

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye maneno yaleyale: "vipindi vyake naingia mimi." Shule ilikukabidhi dhamana ya idara. Mamlaka haikukukabidhi, muda haikukutengea, wala hakuna aliyekaa nawe kukufundisha kazi. Pengo hilo umekuwa ukiliziba kwa usingizi wako na kwa jioni za wanao. Ndiyo maana ushauri wa "jitahidi kupumzika", ambao bila shaka umeshapewa na watu wengi, haujakusaidia. Utapumzika saa ngapi, na nani ataingia Kidato cha Pili B?

Kwanza nataka ujue kwamba hali hii hukuianzisha wewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza 2004, nchi ilijenga shule katika kata zake kwa kasi ambayo vyuo vya ualimu havikuweza kuifuata. Kisha 2016 ikaja elimu bila ada, na watoto walioingia darasa la kwanza mwaka ule walifika Kidato cha Kwanza 2023. Wewe unawafundisha hao, wengi kuliko madawati. Shule zikapata wakuu, na wakuu wakapata nafasi za kwenda chuo cha ADEM, Bagamoyo, kusomea uongozi na usimamizi wa elimu. Mkuu wa idara alibaki mtu wa kutajwa kikaoni. Anajifunza kazi kwa kumtazama aliyemtangulia, naye huyo alimtazama mwingine. Hata posho ya madaraka anayopata mkuu wa shule, kwako haifiki. Unaongoza kwa imani ya wenzako tu, na imani hiyo hakuna aliyekusaidia kuijenga.

Sasa niseme jambo ambalo wataalamu wa afya ya kazi wamelijua kwa muda mrefu. Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alichambua takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Sweden, akaona kwamba wingi wa kazi peke yake hauelezi nani ataugua kwa msongo. Wanaoumia zaidi ni wale wanaodaiwa mengi huku wakiwa na kauli ndogo juu ya namna ya kuifanya kazi yao. Utafiti mwingine, uliofuatilia maelfu ya watumishi wa serikali jijini London kuanzia 1985, ulikuta kwamba wale wasio na kauli kazini walipata maradhi ya moyo zaidi ya wenzao wenye kauli. Mkulima wa vitunguu hapo Singida anaweza kufanya kazi ngumu kuliko yako na akalala usingizi mzito, kwa kuwa ndiye anayeamua leo apalilie wapi. Wewe unaamuliwa kila kitu, kisha unaulizwa kuhusu kila kitu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuongeza kauli yako, na kwa mtumishi wa umma kauli huanzia kwenye karatasi. Je, una barua ya uteuzi? Kwa maelezo yako, huna. Omba uandikiwe. Iwe na orodha ya majukumu: yapi ni yako, yapi ni ya mwalimu wa taaluma, yapi ni ya makamu mkuu wa shule. Katika shule nyingi nilizozitembelea, watu hao watatu wanakagua maandalio yaleyale ya somo, na hakuna hata mmoja anayekaa nyuma ya darasa kumsikiliza mwalimu akifundisha. Barua hiyo ndiyo itakayokuwezesha kumwambia mtu kwa upole, "Mwalimu, hili ni la taaluma, mimi nitakusindikiza tu."

Pamoja na barua, peleka hesabu. Wewe ni mwalimu wa hisabati, hapa uko nyumbani. Vipindi 28 vya dakika 40 ni dakika 1,120, yaani saa 18 na dakika 40 za kusimama darasani kila wiki. Sasa tuseme una mikondo mitatu ya wanafunzi 60. Kusahihisha zoezi moja tu, ukitumia dakika mbili kwa kila daftari, kunakula saa sita. Ongeza kuandaa praktiko, maana shule yenu sidhani kama ina fundi wa maabara. Ongeza azimio la kazi, shajara ya somo, zamu, alama za maendeleo za NECTA, vikao, na mzazi aliyekuja bila taarifa. Halafu vipindi vya mwenzako. Iandike hesabu hiyo ukurasa mmoja, bila lawama hata moja ndani yake, umpelekee mkuu wa shule siku ambayo hana mgeni. Uende na ombi moja linalopimika: muhula ujao upunguziwe vipindi vinne, na viwili kati ya hivyo viandikwe kwenye ratiba ya shule kuwa muda wa idara. Muda usioandikwa ukutani kila mtu atauona ni muda wa bure, utaitwa ukasimamie usafi.

Najua utaniuliza, vipindi hivyo vinne atabeba nani wakati walimu wa hisabati ni wa kutafuta kwa tochi? Swali hilo ni la mkuu wa shule, na nakusihi umwachie. Yeye ana njia ambazo wewe huna: kumwongezea mwalimu wa kujitolea vipindi vya Kidato cha Kwanza, kuunganisha mikondo kwa kipindi kimoja cha marudio, kuzungumza na bodi, kumwandikia Afisa Elimu Sekondari. Ukiingia ofisini kwake ukiwa umeshalitatua tatizo kwa mgongo wako, hataliona tatizo.

Tuje kwa yule mzee wako, maana naona ndiye anayekunyima usingizi hasa.

Jambo ambalo hukuambiwa ulipopigiwa makofi ni kwamba huna mamlaka ya nidhamu juu yake. Kwa utaratibu wa Tume ya Utumishi wa Walimu, makosa mepesi ya kinidhamu yako mikononi mwa mkuu wa shule, na mazito yanakwenda juu zaidi. Kumbe mwenzako anaposema mishahara yenu inatoka dirisha moja, kisheria hajakosea. Ukikubali hivyo moyoni, vita nusu vimekwisha. Kazi yako kwake ni tatu tu: kumsikiliza, kumsaidia afundishe, na kuandika ukweli kama ulivyo. Kumwadhibu si kazi yako, na kumfichia si kazi yako pia. Kila unapoingia kipindi chake kimyakimya unamfichia. Jonali la darasa linaonyesha kipindi kimefundishwa, mkuu wa shule anaona idara inakwenda, na wewe peke yako unajua.

Nitakusimulia kosa langu. Nilipokuwa mkuu wa idara, miaka mingi sasa, nilikuwa na mwalimu ambaye Ijumaa na Jumatatu haonekani. Siku moja nilimfokea mbele ya walimu wenzake, kwenye ofisi ya walimu, nikiwa nimeshika jonali mkononi. Alininyamazia. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amekopa kwa watu wa kausha damu ili kumtibu mama yake, na wadai walikuwa wakimfuata shuleni siku hizo mbili. Aliona heri akose kipindi kuliko kudaiwa mbele ya wanafunzi. Ningemuuliza faraghani kwa dakika kumi, ningeyajua hayo mapema, na tungempangia vipindi vyake Jumanne hadi Alhamisi. Ilinichukua mwaka mzima kurudisha salamu kati yetu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliubeba wa kwake kwa macho tu, nikauona mwepesi.

Basi mfuate mzee wako. Usimwite kwako, mfuate alipo, chini ya mwembe au popote anapokaa. Anza na shikamoo. Cheo cha idara hakiondoi miaka kumi na tano, na katika desturi zetu kijana anayeanza na heshima ana nafasi ya kusema mengi. Kisha sema jambo moja na uulize jambo moja: "Mwalimu, wiki mbili hizi Kidato cha Tatu A wamekosa vipindi vitano vya kemia. Kuna jambo linalokukwaza ambalo idara inaweza kukupunguzia?" Halafu nyamaza. Usiujaze ukimya kwa maelezo yako. Huenda akakwambia anaumwa, au ana madeni, au jambo ambalo nimelikuta mara nyingi kwa walimu wa sayansi wa umri wake, kwamba kuna mada mpya haziwezi na anaona aibu kuuliza. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa kwa awamu 2024 unazidi kuwatia hofu walimu kama hao. Mwalimu anayekimbia darasa mara nyingine anaikimbia mada.

Baada ya mazungumzo mpe wiki mbili. Katika wiki hizo usiingie kipindi chake hata kimoja. Naelewa jinsi hili litakavyokuuma. Waachie wanafunzi kazi ubaoni kupitia kiongozi wa darasa, ili wasikae bure, lakini jonali liandikwe kweli: mwalimu hakuingia. Hali isipobadilika, mpelekee mwalimu wa taaluma na mkuu wa shule kumbukumbu hizo, tarehe na kipindi, bila kivumishi hata kimoja. Na kabla ya kuzipeleka, mwambie mwenyewe kwamba unazipeleka. Asije akasikia kwa watu. Ataudhika, ndiyo, lakini hatakuwa na la kusema kwamba ulimzunguka.

Nimekaa sana hapo kwa sababu najua mafunzo mengi ya uongozi hupita juu ya jambo hili kwa sentensi mbili. Sasa nikupe upande wenye nuru.

Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake wawili walikusanya tafiti nyingi kuhusu uongozi wa shule, wakauliza ni tendo gani la kiongozi linalomgusa mwanafunzi zaidi. Lililoongoza kwa mbali ni kiongozi kuhimiza walimu wajifunze, na yeye mwenyewe kushiriki katika kujifunza huko. Lilipita kupanga malengo, lilipita kusimamia rasilimali na kutunza nidhamu ya shule. Tafiti zile ziliwahusu hasa wakuu wa shule, ila mimi naona zinakuhusu wewe zaidi, kwa kuwa mkuu wa shule hawezi kukaa na walimu wa fizikia kujadili mkondo wa umeme kama hakuisomea fizikia. Wewe unaweza.

Angalia kikao chenu cha idara kinavyokwenda. Matangazo kutoka kwa mkuu, tarehe ya kukabidhi maazimio ya kazi, malalamiko ya chaki, mengineyo, kufunga. Saa nzima imekwisha na hakuna aliyetoka na kitu cha kupeleka darasani. Matangazo yote tuma kwenye kundi la WhatsApp. Kikao kigeuze. Kila mwalimu aje na madaftari matano ya wanafunzi wa darasa moja, mada moja, mkayatazame pamoja: wanakosea wapi, na kwa nini wote wanakosea palepale? Nilikaa na idara moja ya kemia iliyogundua kwa njia hiyo kwamba wanafunzi wao wa Kidato cha Tatu hawakushindwa dhana ya moli. Walishindwa kugawanya kwa desimali. Mwalimu wa hisabati alikuwa amekaa meza ya pili. Walipanga naye vipindi viwili vya marudio, na tatizo ambalo walilisumbukia miaka likaanza kulegea. Mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, tayari unazitambua jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, kwa hiyo huombi ruhusa ya kuanzisha kitu kigeni. Unakijaza nyama kilichopo.

Na hapa ndipo mzee wako anaweza kurudi. Mtu huyo kafundisha praktiko kabla ya wewe kuvaa sare ya sekondari. Anajua kufanya titresheni kwa vifaa vya kuazima. Mwombe kikao kimoja awaonyeshe wale wawili wa kujitolea namna ya kuandaa praktiko ya Kidato cha Nne maabara ikiwa haina vifaa kamili. Usimwombe kama mtego wa kumrudisha kazini. Mwombe kwa kuwa kweli mnauhitaji ujuzi wake, na uone. Mwalimu aliyezoea kuitwa kwa lawama tu, akiitwa siku moja kwa heshima, mara nyingi hubadilika mbele ya macho yako.

Wagawie pia kazi za idara. Anayetunza maabara si lazima awe wewe. Anayekusanya alama za maendeleo si lazima awe wewe. Najua wengine watazifanya vibaya kuliko wewe mwanzoni. Waache wazifanye, uwarekebishe.

Sasa mwili wako. Shirika la Afya Duniani lilipoueleza uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, liliutaja kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa, na likaupa alama tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huwezi tena kuifanya vizuri. Halikuuita ugonjwa. Kwako naiona ya kwanza waziwazi. Ya pili bado, kwa sababu mtu aliyeichukia kazi haingii vipindi vya mwenzake kwa uchungu wa watoto. Kwa hiyo hujachelewa. Lakini kichwa kinachouma kila siku kwa mtu asiyelala kinahitaji kupimwa presha, na bima ya afya unakatwa kila mwezi, itumie wiki hii. Ukiona huzuni haiondoki kwa wiki mbili na zaidi, hamu ya chakula imekwisha, au mawazo ya kutokuwepo duniani yanakupitia, usingoje muhula uishe. Mwone daktari, mweleze waziwazi. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili, na kuwaendea ni sawa na kumwendea daktari wa macho.

Nyumbani weka mpaka mmoja tu kwanza, ukishika utaongeza wa pili. Ningependekeza kundi la WhatsApp la idara lifungwe saa mbili usiku. Watangazie wenzako kwamba baada ya hapo hujibu, na usijibu kweli, hata kama swali ni dogo. Nusu saa baada ya hapo iwe ya madaftari ya wanao, ukiwa umekaa nao chini, simu iko chumbani.

Kuhusu barua ya kuachia idara: nipe muhula mmoja. Ukiwa umepewa barua ya majukumu, vipindi vimepungua hata viwili, na taarifa zako kuhusu vipindi vilivyokosekana zimefanyiwa kazi, baki. Ukiwa umeomba yote hayo kwa maandishi na hakuna hata moja lililojibiwa, andika barua ya aya mbili, shukuru, rudisha funguo za maabara na ledja ya idara, urudi kuwa mwalimu wa fizikia. Hakuna aibu humo, na wanafunzi wako hawatapoteza mwalimu. Hapo katikati, kama utatishwa au kuonewa kwa sababu ya kuomba, mwone mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwenu.

Jumatatu fanya jambo moja tu: hesabu ya dakika, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wako. Mzee umfuate Jumatano, ukiwa umelala vizuri siku mbili. Ukishaonana na mkuu wa shule niandikie alivyokujibu, hasa akikataa, na uziandike sababu zake kwa maneno yake mwenyewe, ili tujue tuanzie wapi.